"Silence", "silent" na "quiet": pale tunapojikwaa

Neno la Kiingereza "silence" lina herufi saba, na ile ya mwisho haitamkwi. Hiyo "e" imewekwa pale ili "c" isomwe kama "s". Bila yake msomaji angeisoma "k". Mkazo uko mwanzoni, SAI, halafu sehemu iliyobaki inapita haraka hata irabu yake karibu imezwe. Wengi wetu husema "sai-LEN-si" kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Anayeongea Dholuo nyumbani hasumbuki sana na ule mwisho, maana lugha yake imejaa maneno yanayoishia kwa konsonanti, kama "nam", yaani ziwa.

Matamshi hurekebika upesi. Kinachosumbua miaka nenda miaka rudi ni matumizi. Soma insha za wanafunzi hapa Kisumu, ripoti za shule, vibao vya zahanati, barua za ofisi, hata taarifa zinazopelekwa kwa vyombo vya habari, utakuta "silence", "silent" na "quiet" zinabadilishana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja. Chanzo chake kinaeleweka. Neno letu "kimya" hubeba mzigo mkubwa: chumba kiko kimya, mtoto ni mkimya, soko liko kimya leo, serikali iko kimya. Kiingereza kimeugawa mzigo huo.

"Silence" lina asili yake katika Kilatini "silere", kunyamaza. "Quiet" limetoka kwenye "quies", mapumziko, ambalo ndilo pia lililozaa "requiem", misa ya kuwaombea marehemu wapumzike. Mgawanyo huo bado uko hai. "Silent" ni pale ambapo hakuna sauti hata kidogo, au mwenye uwezo wa kusema hasemi. "Quiet" ni pale ambapo sauti ni ndogo, mambo yamepoa, watu ni wachache, vurugu hakuna. Kwa hiyo kabla ya kuandika jiulize: ninazungumzia sauti isiyosikika, au hali iliyotulia?

Chukua ufuo wa Dunga asubuhi, kabla wateja wa samaki hawajafika. Mawimbi yanagonga mashua, ndege wanalia kwenye mafunjo, mvuvi mmoja anakung'uta wavu. Huo ni "a quiet beach". Sauti zipo, lakini hakuna msongamano wala makelele. Ukiandika "a silent beach", msomaji wa Kiingereza ataona ufuo usio na sauti yoyote, hata ya ndege, naye ataanza kusubiri habari mbaya. Maji yenyewe yakiwa shwari usitumie lolote kati ya hayo mawili. Ziwa lisilo na mawimbi ni "calm", na likitulia tuli kama kioo ni "still". Hivyo sentensi nzuri ya insha ingekuwa: "The beach was quiet and the lake was calm."

Ndivyo ilivyo kwa biashara. Muuza mitumba asiyepata wateja atasema "business is quiet", yaani biashara imedorora. "Business is silent" haisemwi kabisa. Mji uliorudi katika amani baada ya maandamano ni "quiet". Ukisema mji ni "silent", unasema hakuna anayetoa sauti, au kuna jambo ambalo wakazi wanakataa kulizungumzia.

Kosa linaloumiza zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye ripoti za shule. Mwalimu anataka kusema kwamba msichana huyu ni mpole, hana maneno mengi, anasikiliza vizuri. Anaandika "She is a silent girl." Mzazi anayekijua Kiingereza akiisoma hiyo atadhani mtoto wake hafungui mdomo darasani, pengine ana huzuni au tatizo la kuongea. Kilichotakiwa ni "She is a quiet girl." Kama ni mtu asiyependa kueleza mambo yake, "reserved" linafaa. "Taciturn" ni kali zaidi. Linamchora mtu mzito wa maneno, karibu na mkavu, na halifai kwenye ripoti ya mtoto.

Ukija kwenye vielezi tofauti inakuwa kubwa zaidi, na hapa mitihani hunasa watu. "Speak quietly" ni kuongea kwa sauti ya chini. "Speak silently" haiwezekani, kwa kuwa anayeongea anatoa sauti. "Pray quietly" ni kuomba kwa sauti ndogo inayoweza kumfikia jirani kwenye benchi. "Pray silently" ni kuomba moyoni. Mwalimu akisema "read the passage silently", midomo isitoe sauti. Kuna pia "quietly" ya siri: bodi ikifuta mpango bila kutangaza, Kiingereza husema "the board quietly dropped the plan", na Kiswahili tunasema iliuondoa kimyakimya. Hapo "silently" haliko sahihi sana, kwa sababu hoja yako haihusu sauti bali kutotangaza.

Jambo jingine la kuangalia ni vipimo. Kitu huwa "quiet" kwa viwango: "very quiet", "quieter", "the quietest room". "Silent" kwa kawaida haipimwi hivyo, kwa sababu sauti ama ipo ama haipo. "Very silent" ni kosa la kila siku katika insha zetu. Sema "completely silent" au "almost silent". Na anayetaka darasa lipunguze kelele aseme "quieten down" kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule zetu hufuata. "Quiet down" ni ya Marekani.

Kuhusu "quiet", "quite" na "quit" nitapita haraka, ingawa kosa lenyewe ni la kudumu. "Quiet" ina silabi mbili, KWAI-et. "Quite" ni moja, kwait, maana yake kiasi au kabisa. "Quit" ni kwit, kuacha. Mwanafunzi anayeandika "the class was quite" ameiacha sentensi yake ikining'inia, maana msomaji anabaki kuuliza: "quite" nini? Dawa ni kulitamka neno polepole kabla ya kuliandika. Ukisikia silabi mbili, "e" itangulie "t".

Sasa turudi kwenye "silence" kama nomino. Mara nyingi haihesabiki na haichukui "a": "There was silence in the room." Lakini ikiwa ni kipindi kimoja cha kimya chenye mwanzo na mwisho, au ukikipa sifa, "a" inaingia: "There was a long silence." Wingi wake, "silences", upo pia, kwa vipindi kadhaa ndani ya mazungumzo. Sifa zinazoizoea ni kama "complete", "total", "awkward", "stony", "deathly". "Deafening silence" ni ile ya mtu au taasisi iliyotarajiwa kusema na haikusema. Usiitumie kwa usiku mtulivu wa kijijini Seme. Wanafunzi wetu wanapenda sana "pin-drop silence". Utaikuta katika Kiingereza cha India na cha huku Afrika Mashariki, ila Mwingereza angesema "you could have heard a pin drop". Ukiandikia wasomaji wa hapa, tumia yoyote. Ukiandikia nje, chagua ya pili.

"In silence" na "silently" zinakaribiana bila kulingana. "They ate in silence" ina maana hawakuzungumza, hata kama vijiko viligonga sahani. "They ate silently" inaelekeza macho kwenye namna ya kula yenyewe, bila sauti. Kwenye habari za familia iliyokaa kortini ikisubiri hukumu, "in silence" ndiyo inayofaa.

Waandishi wa habari wanahitaji hii pia. "Break the silence" ni kuwa wa kwanza kutoa sauti pale ambapo hakuna anayeongea: mlango umelia, mtoto ameuliza swali. "Break his silence" ni mtu kuzungumza hadharani baada ya kukataa kwa muda. Mbunge aliyekwepa maswali kwa wiki mbili kisha akaongea "has broken his silence". Ukimwandikia "broke the silence", umemfanya mtu aliyekohoa katika chumba kimya. Matumizi ya "the" yanaruhusiwa pale tu jambo lenyewe limezungukwa na kimya cha jamii nzima, kama dhuluma za kijinsia: "survivors are breaking the silence".

Halafu kuna dakika ya kimya, ambayo sisi watu wa matanga mengi tunaihitaji kuliko wengi. Mshereheshaji anashika kipaza sauti na kusema "Let us stand and observe one minute silence." Kitenzi "observe" amekipata. Kilichobaki kimeharibika, kwa kuwa "minute" inaning'inia bila kuunganishwa na "silence". Ziko njia tatu sahihi. Ya kwanza ni "a minute's silence", yenye alama ya kumilikisha kabla ya "s". Ya pili ni "a one-minute silence", yenye kistari na bila "s" yoyote kwenye "minute". Ya tatu ni "a minute of silence". Dakika zikiwa mbili, alama ya kumilikisha inahamia baada ya "s": "two minutes' silence". Hizo dakika mbili ndizo zinazofanyika tarehe 11 Novemba kuwakumbuka waliokufa vitani, desturi iliyoanza 1919, mwaka mmoja baada ya mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia kukoma. "A moment of silence" haina urefu maalumu. Kiongozi ndiye anayeamua. Vitenzi vinavyokubalika ni "observe" na "hold". "Do" na "make" visiguse hapo. Kwa Kiswahili usihangaike: "Tusimame kimya kwa dakika moja" inatosha, nayo ina heshima.

Kwenye vibao vya maktaba na wodi, "Silence, please" huhitaji mkato, ingawa wachoraji wa vibao huuacha na hakuna anayelalamika. "Please maintain silence" ni sahihi lakini imevaa suti. Kwa amri ya mdomo, "Silence!" ni ya kortini na ukumbi wa mtihani, darasani sema "Be quiet, please" au "Quiet, please". "Keep quiet" tunayoitumia kutwa ina maana ya ziada katika masikio ya Mwingereza: "keep quiet about it", usilitoe jambo hilo nje. "Shut up" ni tusi dogo. Mwalimu asiitumie.

Kama kitenzi, "to silence" daima hutaka mtu au kitu cha kunyamazishwa: "silence the critics", "silence the alarm". Haiwezi kusimama peke yake, hivyo "the crowd silenced" ni kosa. Umati hu-"fall silent". Mara nyingi kitenzi hiki kina ukali ndani yake. Mwandishi aliye-"silenced" amezimwa na mwenye nguvu, hakuamua mwenyewe. Umoja wa Afrika ulikitumia kwa wema katika mpango wake wa "Silencing the Guns", uliolengwa ukamilike 2020 kisha ukasogezwa mpaka 2030.

Hapo ndipo "silencer" inapotokea. Kwa Kiingereza cha Uingereza, na cha mafundi wetu wa jua kali, hicho ni kile kipande cha ekzosi chenye vyumba na mabomba ya matundu ndani, ambamo mapigo ya moshi kutoka kwa injini hupunguzwa nguvu kabla ya kutoka nje. Vipande vingine hujazwa pamba ya kioo. Kijana wa bodaboda akitoboa au kung'oa vile vya ndani ili pikipiki ingurume, ame-"remove the silencer", hata kama bomba la nje bado linang'aa pale pale. Marekani kipande hicho huitwa "muffler", na huko "silencer" humfanya mtu afikirie bunduki kwanza. Kwa hiyo anayeagiza vipuri mtandaoni kutoka Marekani atafute "muffler", asije akashangazwa na kinachoonyeshwa.

Jenereta inayouzwa kama "silent" hainyamazi. Imefungwa ndani ya sanduku la chuma lililotandikwa sponji ya kufyonza sauti, na muuzaji wa kweli ataweza kukuonyesha kiwango chake kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, mara nyingi kilichopimwa umbali wa mita 7. Kama hakuna namba, neno "silent" kwenye karatasi ya bei ni pambo tu.

Sheria nayo ina "silent" isiyo kimya kamili. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 hapa Kenya zina eneo linaloitwa "silent zone", ambapo kiwango cha juu ni desibeli 40 mchana na 35 usiku, mchana ukihesabiwa hadi saa mbili usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika takriban 60. Mfasiri akiandika "eneo lisilo na sauti" atakuwa amepotosha. "Eneo la utulivu" liko karibu zaidi na kusudi la kanuni.

Kwenye sheria ndiko ninakotaka kukaa kidogo, maana kosa la huko linaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Maneno "You have the right to remain silent" tumeyazoea kutoka filamu za Marekani, ambako onyo hilo lilienea baada ya kesi ya Miranda ya 1966. Lakini Mkenya hahitaji kukopa haki hiyo kwa jirani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza, na "the consequences of not remaining silent". Isome tena hiyo ya mwisho. Ni matokeo ya KUTOnyamaza, yaani kwamba utakachosema kinaweza kutumiwa dhidi yako. Mara nyingi hutafsiriwa mbio mbio kuwa "matokeo ya kunyamaza", na maana inageuka kabisa: mshukiwa sasa anasikia kwamba akinyamaza ataadhibiwa. Ile "kuto-" ndiyo haki yenyewe. Mkalimani wa korti, ofisa wa kituo, mtu wa msaada wa kisheria mashinani, hakikisheni haipotei. Kifungu cha 50 kinaendeleza haki hiyo hadi kwenye kesi: mshtakiwa anaweza kunyamaza na asitoe ushahidi.

Kwa nini "remain silent" na si "keep quiet"? Kwa sababu "keep quiet" inaweza kueleweka kama kuacha kelele, au kuficha jambo. "Remain silent" inataja kitendo kimoja tu, kutosema. Unapoandika kumbukumbu kwamba mshtakiwa hakujibu swali, andika "the accused remained silent". Vilevile sheria isiyotaja jambo husemwa "the Act is silent on this point". Kiswahili kinaikubali "sheria iko kimya kuhusu hilo", lakini kwa msomaji wa kawaida "sheria haisemi lolote kuhusu hilo" inaeleweka upesi zaidi. Kihusishi ni "on", na "about" pia hupita. "Silent of" haipo, na "silent over" iachiwe vichwa vya habari.

Vichwa hivyo vya habari vina kipenzi chao, "mum": "Police mum on missing boat". Neno hilo limetoka kwenye sauti ya midomo iliyofungwa, mmm, wala halina undugu na "mum" ya mama. Linakaa baada ya kitenzi tu, "keep mum", "stay mum", na kamwe si kabla ya nomino. Ni la mazungumzo. Kwenye barua ya malalamiko kwa kaunti, andika "your office has remained silent", usiandike "has kept mum".

Simu ina msamiati wake, nao umetupenya mpaka tunasema "nilikuwa nimeiweka sailent". Kwa Kiingereza, simu huwekwa "on silent", bila "ce". "Put your phones on silence" husikika kanisani karibu kila Jumapili na si sahihi. Ama "put your phones on silent" ama "silence your phones". "Mute" ni kitu kingine: ni kuzima kipaza sauti chako wakati wa simu au mkutano wa mtandaoni, au kuzuia arifa za kundi fulani. Simu iliyo "on silent" haiiti. Mtu aliye "on mute" hasikiki. "Vibrate" nayo si "silent" kwa ukali wa neno, na katika chumba cha kurekodia sauti, tetemeko la simu juu ya meza ya mbao litaingia kwenye kipaza sauti vizuri kabisa.

Neno "mute" lisitumiwe kwa watu, na "deaf and dumb" iachwe kabisa, ingawa bado iko kwenye midomo ya wengi. "Dumb" siku hizi inasikika kama mjinga. Kiziwi kwa Kiingereza ni "Deaf person", na anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya anazungumza lugha kamili iliyotajwa kwenye kifungu cha 7 cha Katiba. Hayuko kimya.

Misemo michache ya haraka. "The silent treatment" ni kumnunia mtu. "A silent killer" ni ugonjwa unaoua bila dalili za mapema, na mara nyingi madaktari humaanisha shinikizo la damu. "Silent" katika utabibu kwa jumla ni "bila dalili". Mbia anayetoa mtaji bila kuendesha biashara ni "silent partner" Marekani na "sleeping partner" Uingereza. "On the quiet" ni kisirisiri. "Silence is golden" husifu kunyamaza, ilhali wahenga wetu waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wanaonya kwamba kuna kitu kinapikwa. Kutafsiri mmoja kwa mwingine ni kupoteza zote mbili.

Zimebaki herufi zisizotamkwa, "silent letters", ambazo humtesa mzungumzaji wa Kiswahili kwa kuwa lugha yetu husomwa jinsi ilivyoandikwa. "B" ya "plumber", "comb", "debt" na "doubt" haisikiki. "P" ya "receipt" haisikiki. "T" ya "listen" na "castle", "l" ya "salmon", "h" ya "hour", "s" ya "island", vivyo hivyo. Kuna sababu nyuma ya baadhi yazo. "Debt" na "doubt" ziliwahi kuandikwa bila "b", "dette" na "doute", mpaka wasomi waliopenda Kilatini wakairudisha ili zifanane na "debitum" na "dubitare". "Island" haikuwahi kuwa na "s" kabisa. Ilipachikwa kwa kufananishwa na "isle", neno lenye asili tofauti. Ndiyo maana kutafuta kanuni moja ya herufi hizi hakusaidii. Jifunze kwa makundi: "mb" mwishoni mwa neno, "kn" mwanzoni, "st" kabla ya "le" au "en".

Ukitaka kujipima, tafsiri hizi. "Soko la Kibuye lilikuwa kimya siku ya mgomo": "Kibuye market was quiet on the day of the strike", kwa maana watu walikuwa wachache. "Wizara imekaa kimya kuhusu karo": "The ministry has remained silent on fees". "Waliketi kimya mpaka daktari alipotoka": "They sat in silence until the doctor came out". "Alimnunia mumewe wiki nzima": "She gave her husband the silent treatment for a whole week". Na ile inayowashinda wengi, "Kaa kimya, mtoto amelala". Ukitaka mwenzako asitoe sauti kabisa, "Be silent" ingefaa kwa maana lakini ni amri nzito mno kwa sebuleni. Sema "Be quiet, the baby is asleep", na kama anaruhusiwa kuendelea na mazungumzo kwa sauti ya chini, "Speak quietly".